Ruta ya antena sita au waya wa mita 22? Nyumba ipo Tabata, Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma

#1 TabataKwetu (Jumamosi, saa 3:12 usiku)

Wakuu habari za jioni. Naombeni muongozo kabla sijatupa hela.

Nyumba ya tofali za block, sebule na vyumba vinne, na uani kuna banda la vyumba viwili anakaa mdogo wangu, yupo chuo. Mwezi wa pili sasa tangu nivute faiba, kifurushi cha kasi ya Mbps 50. Mafundi walikuja, waya ukaingilia upande wa barabarani, kisanduku chenyewe kinachorusha Wi-Fi wakakifunga palepale ulipoingilia, nyuma ya runinga. Wakapima kwa simu wakiwa wamesimama sebuleni, 48, tukapeana mikono, wakaondoka.

Ukitoka sebuleni ndio balaa. Koridoni bado inashika. Chumba chetu cha nyuma, ambako mke wangu ndiko anafanyia kazi (vikao vyake karibu vyote ni vya Zoom), napata 3, muda mwingine 1. Anaganda mdomo wazi katikati ya kikao mpaka wenzake wampigie simu ya kawaida. Banda la uani ndio kabisa: usiku dogo anakuja kukaa kwenye ngazi ya jikoni na laptopu yake, mbu wanamla.

Leo nimepita mtaa wa Aggrey, Kariakoo, muuzaji kanionesha ruta ina antena sita, ukiitazama kama buibui aliyekufa chali. Anasema "hii inapenya kuta zote mpaka kwa jirani". Laki tatu na themanini. Ninunue, au napigwa?

#2 BwanaShamba

Chukua mkuu. Antena nyingi ndio nguvu. Mimi ninayo ya nne na mtaa mzima wanaijua pasiwedi yangu.

#3 KariakooMojaKwaMoja

Mkuu njoo PM, nina ya antena NANE, waranti mwaka mzima, bei ya kirafiki, nakuletea mpaka mlangoni.

#4 Koleo (Jumamosi, saa 4:05 usiku)

TabataKwetu, hela irudishe mfukoni kwanza.

Wi-Fi ni mazungumzo. Ruta inasema, simu inajibu, na kila pakiti inayofika lazima simu iseme "nimepata". Sasa chukua mtu mwenye spika ya msikitini anaongea na mtu asiye na kitu mkononi, wamepishana mita mia mbili. Wa pili atamsikia wa kwanza vizuri sana. Wa kwanza hatasikia neno. Ndicho kinachotokea unaponunua "nguvu": simu ya mkeo itaonesha vijiti vitatu vya mtandao na ukurasa hautafunguka, kwa sababu kijiantena cha simu kipo vilevile na betri yake ni ileile. Halafu hata hiyo nguvu yenyewe ina ukomo wa kisheria. Ulaya kwa mfano kwenye masafa ya 2.4 GHz ni miliwati 100, iwe antena moja au sita. Antena nyingi zina kazi yake (kupeleka mikondo kadhaa ya data kwa pamoja, kuelekeza mawimbi), ila kutoboa ukuta wa block si mojawapo.

Kabla hatujasema kitu cha kununua nataka uniletee vitu vitatu. Chomeka laptopu kwa waya kwenye kisanduku cha faiba na upime kasi, ili tujue tatizo ni la nje au la ndani. Kisha pakua programu yoyote ya kupima Wi-Fi kwenye simu ya Android, ile inayoonesha nguvu ya mawimbi kwa namba za dBm, utembee nayo: sebuleni, koridoni, chumbani, bandani. Wi-Fi yako inatumia masafa mawili, 2.4 na 5 GHz, pima kila moja kivyake. Programu hiyohiyo itakuonesha majirani wangapi wapo hewani na wamekaa chaneli zipi (vijia vya ndani ya masafa), piga picha ya hapo. La tatu, niambie nyuma ya runinga kuna nini na kati ya hapo na chumbani kuna nini. Kila kitu, hata kabati.

#5 Darajani_Juu

Wenzetu mnalalamikia ukuta wa block! Huku Mji Mkongwe ukuta nusu mita, mawe na chokaa, nyumba ina ghorofa tatu. Hiyo 5 GHz ukifunga mlango tu ushaipoteza. Mie nlihangaika mwaka mzima nikinunua kila kinachouzwa, mwisho nikapitisha waya kwenye ngazi, nikaweka kifaa kimoja kila ghorofa. Sasa hata mama juu kabisa anaangalia mawaidha yake hakuna kuganda. Msikilize huyo Koleo.

#6 TabataKwetu (Jumapili, saa 5:40 asubuhi)

Nimerudi na ripoti, wife kanicheka kweli nilivyokuwa nazunguka na simu kama mtu anayetafuta maji ya kisima.

Kwa waya kwenye kisanduku: 49 kushuka, 48 kupanda. Kwa hiyo faiba ni nzima.

Sebuleni 2.4 ni -41, 5 GHz ni -45.
Koridoni -58 na -69.
Chumbani -74 na -86.
Bandani -88, hiyo ya 5 haionekani kabisa.

Majirani nimehesabu 14 kwenye 2.4. Yangu ipo chaneli 3, imeandikwa upana 40. Kwenye 5 GHz tupo watatu tu.

Nyuma ya runinga: kisanduku kimelala chini kwenye rafu, runinga inchi 55 mbele yake, pembeni king'amuzi na subufa. Kati ya hapo na chumbani kuna kuta tatu, friji, na kabati la nguo lina kioo kikubwa mlangoni.

#7 Koleo

Ripoti safi, wateja wangu wangekuwa hivi ningekuwa nalala mapema.

Hizo namba zinasomwaje: ni hasi, kwa hiyo -41 ni kubwa kuliko -74. Kila ukishuka 3 mawimbi yamepungua nusu, ukishuka 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Kutoka sebuleni kwako mpaka chumbani umeshuka 33. Maana yake kinachofika kwenye laptopu ya mkeo ni kama sehemu moja kati ya elfu mbili ya kilichokuwa sebuleni. Kwa Zoom isiyoganda mafundi wengi tunalenga -67 au zaidi. Ukipita -80 usihesabu kama unao mtandao.

Na umeona 5 GHz inavyokufa haraka? Ni kasi na ina nafasi, ila ukuta mmoja tu inahema. 2.4 inafika mbali zaidi lakini mmejazana kumi na tano.

Mambo ya bure ya kufanya leo. Kitoe kisanduku nyuma ya runinga. Mgongo wa runinga una bati ndani, na kioo cha kabati kina rangi ya metali kwa nyuma, vyote hivyo vinarudisha mawimbi. Kipandishe juu ukutani, usawa wa kichwa au zaidi. Urefu wa ule uzi mwembamba wa faiba ndio utakuamulia kinafika wapi, usiuvute na usiukunje kona kali, ndani ni kioo, na ukikunjika sana taa ya LOS (ya kusema mwanga wa faiba haufiki) itawaka nyekundu na utakaa siku tatu unasubiri fundi. Kile kichwa cha kijani usikichomoe, na usichungulie ndani.

Halafu chaneli. Kwenye 2.4 GHz chaneli zimepandana kama vigae. Zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu. Wewe kukaa 3 tena kwa upana wa 40 ni kuegesha gari katikati ya mistari miwili: unawasumbua wa 1, unawasumbua wa 6, na wao wanakusumbua. Weka upana 20, uchague kati ya hizo tatu yenye watu wachache. Chaneli moja na jirani ni afadhali kuliko nusu chaneli, kwa sababu walio chaneli moja wanasikilizana na kupeana zamu. Walio nusunusu wanapigiana kelele tu.

Hiyo yote itakupa koridoni nzuri na chumbani nafuu. Banda haitalifikia.

#8 MamaMapacha

Mimi nilinunua ile ekstenda ya kuchomeka kwenye soketi, elfu arobaini tu. Kwa nini asijaribu hiyo kabla ya kutoboa nyumba?

#9 Koleo

Ajaribu, dada, ila ajue anachonunua. Ekstenda ya bei hiyo inasikiliza na kusema kwenye chaneli ileile, ikisikia inanyamaza ndipo irudie, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu kabla hata ukuta haujahesabiwa. Na kosa la kila mtu ni kuichomeka kwenye chumba ambacho mtandao haufiki. Inarudia nini sasa? Inatakiwa ikae katikati, pale ambapo mtandao bado upo vizuri. Kwa WhatsApp inatosha. Kwa mtu anayekula mshahara wake kupitia Zoom, hapana.

#10 NgasiMakete

Huku kwetu faiba ni hadithi. Natumia ruta ya laini, 4G. Ushauri huu unanihusu?

#11 Darajani_Juu

Wa ndani ya nyumba ndio uleule. Cha kwako cha ziada ni kuwa ruta iangalie mnara. Ingia kwenye ukurasa wake utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara), uizungushe ruta madirishani. Kwenye -85 upo vizuri, -110 unaomba Mungu. Usiiweke katikati ya nyumba kisa Wi-Fi, iweke penye mnara mzuri, ndani usambaze kwa waya. Na kama nyumba ni bati juu mpaka chini, antena ya nje tu.

#12 TabataKwetu

Koleo, nimekihamisha kisanduku juu ya mlango wa koridoni, uzi umefika kwa shida. Chaneli 11, upana 20. Chumbani imetoka -74 mpaka -66! Napata 17 mpaka 20. Nimeshangaa, bila hata shilingi. Ila dogo bado yupo ngaziani. Sasa niambie ninunue nini, kaka.

#13 Koleo (Jumapili, saa 2:20 usiku)

Waya. Nunua waya wa LAN (wa mtandao wa ndani ya nyumba), uanzie kwenye kisanduku, upite darini, ushukie mwisho wa koridoni karibu na mlango wa jikoni. Hapo juu funga ruta ya pili ya kawaida. Itahudumia chumba cha nyuma, jiko, na kupitia ule mlango na dirisha itafika bandani. Waya wa aina hii unakwenda mpaka mita 100, wewe huna hata 30.

Kwenye kununua waya ndipo watu wanapigwa kuliko kwenye ruta. Kuna wa shaba tupu na kuna wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ganda linafanana, umeandikwa Cat6 (daraja la waya, juu ya Cat5e) kwa herufi kubwa. Nenda na kisu. Omba kipande, menya uzi mmoja, kwangua taratibu kwa ncha. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Ule wa aluminiamu unakatika ukikunja mara tatu na hausukumi umeme mbali. Cat5e ya shaba kweli ni bora kuliko Cat6 ya uongo. Kipande kitakachopita nje juani, chukua wenye ganda jeusi la nje, ule wa kijivu jua la Dar litaupasua. Na usiufunge pamoja na waya wa umeme kwenye paipu moja.

Ruta: usisome antena, soma mambo mawili tu. Kwanza milango ya waya nyuma, ni 10/100 (mwisho Mbps 100) au gigabiti (Mbps 1000)? Mlango wa 100 hautoi zaidi ya kama 94 kwa vipimo halisi. Kwa kifurushi chako cha 50 unatosha, lakini kama mwakani utapanda 200, utaanza kumlaumu mtu wa faiba bure. Pili kiwango: AC1200 ni Wi-Fi 5 (kizazi cha tano), na hiyo 1200 ni hesabu ya kuuzia tu, wamejumlisha 300 ya 2.4 na 867 ya 5 GHz, hakuna simu itakayopata zote mbili. Vyeti vya Wi-Fi 6 vilianza kutolewa 2019. Kama simu zenu ni za karibuni na tofauti ya bei ni ndogo, chukua hiyo, inapanga zamu vizuri vifaa vikiwa vingi. Wi-Fi 7 kwa Mbps 50 ni kununua lori la kubebea mkate. Utatumia kama nusu ya hela ya buibui wako.

Halafu mimi si kaka. Ni dada. Nimezoea, msijali.

#14 BwanaShamba

😳 Wakuu kumbe tunafundwa.

#15 TabataKwetu

Samahani sana dada Koleo! Nimeumbuka. Kesho naenda Kariakoo na kisu, wakinikamata nitasema umenituma wewe.

#16 MamaMapacha

Kabla hajafunga, naomba niseme kilichonikuta nisije nikamwona mwenzangu analia. Nilikuwa na ruta ya zamani, nikaichomeka waya kutoka ya faiba kwenye tundu la LAN, nikaiwasha, nikaona taa, nikafurahi. Baada ya nusu saa nyumba nzima vurugu. Simu yangu inapata, ya mume haipati, runinga inapata, ukizima na kuwasha wanabadilishana. Siku mbili! Nilishaanza kumlaumu mtu wa kampuni, maskini.

#17 Koleo

Hiyo ni DHCP (kigawa anwani) mbili ndani ya nyumba moja. Kila kifaa kikiingia kinauliza "nipeni anwani", na ruta mbili zinajibu kwa pamoja. Aliyejibiwa na ruta ya faiba anatoka nje salama, aliyejibiwa na ile ya zamani anaambiwa mlango wa kutokea ni ruta ambayo yenyewe haina njia.

TabataKwetu, wewe ukiwasha ruta mpya, kabla ya kuichomeka kwenye waya wa darini, unganisha laptopu peke yake, ingia ukurasa wake (anwani ipo chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1). Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo la "Access Point" (kusambaza Wi-Fi tu). Ukichagua hilo yenyewe inazima DHCP na kazi imekwisha. Kama haina, zima DHCP kwa mkono, ipe anwani isiyogongana na ya kisanduku, kwa mfano kisanduku kama ni 192.168.1.1 yenyewe iwe 192.168.1.2, halafu waya chomeka LAN kwa LAN, ule mlango wa WAN (wa kuingizia intaneti) uache wazi.

Jina la mtandao na pasiwedi weka zilezile za kisanduku, herufi kwa herufi, ili simu ihame yenyewe mtu akitembea. Chaneli zisiwe sawa: kisanduku kipo 11, mpya weka 1. Simu nyingine ni ving'ang'anizi, itabaki imeshikilia ya sebuleni hata ukiwa uani, ukiona hivyo punguza kidogo nguvu ya kurusha ya kisanduku. Ndiyo, *punguza*.

#18 KimyaKimya

Sichangiagi ila hapa nimeshindwa. BwanaShamba na pasiwedi yako ya mtaa mzima: badilisha leo. Wakiwa ndani ya mtandao wako wanaweza kufungua ukurasa wa ruta, na kama jina na pasiwedi yake bado ni admin/admin, mwenye ruta si wewe tena. Wageni wawekee mtandao wa wageni, hauoni vifaa vya ndani.

Na wote zimeni WPS ya PIN (njia ya kuingia Wi-Fi kwa namba badala ya pasiwedi). PIN ina tarakimu 8, ukiisikia ni michanganyiko milioni mia. Lakini tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikia tu, na ruta inamjibu mtu nusu ya kwanza kivyake. Kwa hiyo anayebahatisha ana 10,000 za nusu ya kwanza na 1,000 za pili, jumla 11,000, kompyuta inazimaliza kwa saa kadhaa. Hili limejulikana tangu Desemba 2011 na bado nakuta ruta imewashwa WPS. Aina ya ulinzi wa Wi-Fi weka WPA2 ya AES, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WPA3 peke yake simu za zamani na printa zitagoma kuingia.

#19 BwanaShamba

Nimebadilisha. Mpaka sasa wamekuja watoto watatu kugonga mlango.

#20 TabataKwetu (Jumatano, saa 4:30 usiku)

MREJESHO, na si mzuri.

Waya nimepata, mita 22, nimekwangua mbele ya muuzaji, wekundu mpaka ndani. Wa kwanza aliyenipa ulikuwa mweupe, kaurudisha bila kubisha hata kidogo, kumbe anajua. Ruta nimechukua ya Wi-Fi 6 ya kawaida, gigabiti, laki na arobaini. Dogo kapanda darini katandaza, kabana vichwa mwenyewe na koleo la kuazima. Tumepima kwa kile kitesta cha taa nane: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, zote zinawaka kwa mpangilio pande zote mbili.

Mipangilio nimefuata yako neno kwa neno. Bandani simu inaonesha -63. Lakini kasi inapanda 30, inashuka 2, inakata kabisa, inarudi. Chumbani vilevile. Ukichomeka laptopu kwenye mwisho wa waya hivyohivyo. Ukirudi kwenye kisanduku, 49. Ruta tumebadilisha mlango, bure. Wife anasema afadhali ilivyokuwa Jumapili.

#21 KariakooMojaKwaMoja

Ndio maana nilisema antena nane.

#22 Koleo

Kama waya wenyewe ndio unaleta hivyo, ruta haina kosa. Mwambie dogo apige picha kichwa kimoja, kwa karibu, kile kilimi cha plastiki kikiwa upande wa chini asikokiona na pini zikiwa juu. Nataka kuona rangi.

#23 TabataKwetu

Hiyo hapo. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili hivyohivyo. Dogo anasema kazipanga kila rangi na mwenzake, na testa imekubali.

#24 Koleo (Jumatano, saa 5:02 usiku)

Nimempata. Na asijisikie vibaya, hata mimi kichwa changu cha kwanza nilikibana hivyo, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, ofisi nzima ya watu kumi na mbili ikawa haifanyi kazi na mimi nabishana kwamba testa imewaka.

Ukiumenya ule waya umeona nyuzi zimesokotwa mbilimbili kama ukili? Ile si mapambo. Uzi mmoja unabeba ishara, mwenzake anabeba ileile kinyume. Kelele ya nje ikiingia inawaingia wote wawili sawasawa kwa sababu wamesokotwa pamoja, na kule mwisho ukitoa mmoja kwa mwingine kelele inajifuta, ishara inabaki. Kwa hiyo wanaofanya kazi pamoja lazima wawe wamesokotwa pamoja.

Sasa pini zinazofanya kazi pamoja ni 1 na 2, halafu 3 na 6, halafu 4 na 5, halafu 7 na 8. Umeona 3 na 6 zimeruka? Mambo ya urithi wa simu za mezani hayo, tuyaache. Kwa mpangilio wa dogo, pini ya 3 ina nyeupe-kijani na ya 6 ina bluu. Hao hawajasokotwa pamoja, kila mmoja yupo na mke wa mwenzake. Kelele inaingia, haijifuti. Testa ya taa inaangalia kitu kimoja tu, je umeme unafika upande wa pili? Unafika. Nyuzi zimeoana na nani, haiwezi kujua. Kwa waya wa mita moja usingegundua kitu, kwa 22 ndio hayo.

Akate vichwa vyote viwili abane upya hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Asiusokotue msokoto zaidi ya sentimita 1.3 hivi kutoka kwenye kichwa, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa lishikwe na kile kibanio, sio nyuzi tupu zinaning'inia.

#25 Darajani_Juu

Miaka sita nafunga waya sijui hili. Kesho nakwenda kutazama vichwa vyangu vyote, Mungu anisitiri.

#26 NgasiMakete

Na umeme ukikatika? Hapa unakatika kila jioni, na huo mtandao unaondoka nao.

#27 KimyaKimya

Kuna betri ndogo za ruta, ukubwa wa kitabu, zinatoa 9 na 12 volti. Piga hesabu kabla: yenye seli tatu za 2600 mAh ni kama Wh (wati-saa) 28. Ruta na kisanduku kwa pamoja wakila wati 10 (lebo ya adapta ni kiwango cha juu, wenyewe wanakula chini ya hapo), toa kinachopotea njiani, umepata saa mbili na nusu. Muhimu: soma lebo ya kila ruta. Tundu la 9 na la 12 vinaingiliana kichwa kilekile. Nilishachomeka 12 kwenye ruta ya 9. Haikutoa cheche, ilitoa harufu tu, kama samaki aliyeungua, na haikuwaka tena.

#28 TabataKwetu (Alhamisi, saa 3:48 usiku)

MREJESHO WA PILI.

Dogo kabana upya, kioo cha kukuzia mkononi, anasoma rangi kwa sauti kama anasoma tangazo la msiba. Vichwa vinne vimeharibika kabla ya viwili kukubali.

Mwisho wa waya kwa laptopu: 49. Chumbani kwa Wi-Fi 47. Bandani, mlango umefungwa, dogo yuko kitandani: 44. Nimepima mara tano kwa sababu sikuamini. Leo mchana mke wangu kakaa kwenye kikao saa mbili bila kuganda hata mara moja, mpaka wenzake wakamuuliza kama kahama nyumba.

Jumla: waya na vichwa elfu hamsini na tano, ruta laki na arobaini. Pasiwedi ya ukurasa wa ruta nimebadilisha, WPS nimezima, mtandao wa wageni nimeuita "Hodi".

Dada Koleo, mke wangu kasoma uzi huu wote na anauliza unapatikana wapi, anataka akupikie.

#29 Koleo

Kimara. Mwambie wifi nakuja Jumapili, ubwabwa na maharage ya nazi vinatosha. Na dogo aniwekee kile kichwa cha kwanza alichobana vibaya, nina mahali pa kukitundika.

#30 BwanaShamba

Wakuu, hivi wale watoto wakigonga tena niwape "Hodi"?